Chakula Kilichoitwa Bahari

Nyati wa maziwa wa kina Basnet alinenepa mwezi ule, na hilo ndilo lililomtia Rewati wasiwasi. Nyati hanenepi mwezi wa Phagun. Huo ni mwezi wa majani makavu, wanyama wa kijiji kizima hubaki mbavu na macho, lakini huyu wao alikuwa na mgongo mpana kama kitanda na maziwa yalimiminika mpaka majirani wakaanza kuuliza analishwa nini. Na mwezi huohuo Asmi, binti wa pekee wa Rewati, wa miaka minne na miezi minane, alipimwa mkono na mama wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba, na utepe wa kupimia lishe ukasimama kwenye rangi ya manjano.

"Bado si nyekundu," yule mama alisema, kana kwamba anampongeza. "Ila safari iliyopita alikuwa kijani. Shuleni anakula nini?"

"Anakula mseto wa bibi yake," Rewati akajibu haraka, kwa majivuno kidogo.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Hom Kumari, mama mkwe wake, alikuwa mpishi wa shule ya pale kilimani mwaka wa nne sasa. Jumapili, wiki ya shule ikianza, mseto wa mchele na dengu, Jumatatu chapati na viazi, Jumanne ugali wa ulezi na majani ya haradali, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Serikali inatoa rupia kumi na tano kwa kila mtoto, na kwa rupia hizo mwanamke huyu alikuwa akifanya maajabu. Zamani, alipokuwa akikaanga mbegu za uwatu kwenye samli, hata mwalimu mkuu alikuwa anapita jikoni bila sababu.

Alasiri ile Hom Kumari alirudi na ndoo mbili zimejaa, moja kila mkono, akaziweka chini kwa kishindo. Ilikuwa desturi yake kumletea nyati maji ya kuoshea masufuria na kumnywesha mwenyewe. Lakini haya hayakuwa maji. Ulikuwa mseto mzima, haujaguswa, na karoti zake juu.

"Mama, leo watoto walikuwa wachache?"

"Walikuja themanini na wawili. Wote."

"Sasa hiki?"

"Hiki ni jeuri. Wamezoeshwa tambi za pakiti dukani kwa Chudamani. Wanazitafuna kavu, na ule unga wake mwekundu wanaulamba kwenye viganja. Ulimi ukishazoea uchafu ule, chakula cha binadamu haukitaki. Mpe nyati, mama Asmi, usinihoji."

Rewati akabeba ndoo hadi nyuma ya zizi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mkaza mwana akionekana anakula kwenye ndoo ya nyati, habari ingefika kwao alikozaliwa kabla yeye mwenyewe hajanawa mikono. Akachota kwa kidole, akaweka mdomoni.

Alitema papo hapo. Akasukutua mara mbili, na bado ulimi ulikuwa unamwasha. Ilikuwa chumvi, chumvi ya kumtoa mtu machozi. Nyati akamsukuma kwa pua, akaingiza kichwa ndooni akala kwa furaha, maana nyati wanaipenda sana chumvi.

*

Nyumbani hakuna aliyegundua kitu kwa sababu nyumbani alipika Rewati. Alibaki siku mbili anajiuliza imekuwaje. Hom Kumari hakuwa mtu wa kukosea chumvi. Watu walikuwa wanamwita kwenye harusi kupikia wageni mia tatu, na hakuna aliyewahi kuomba chumvi mezani.

Jibu alilipata asubuhi ya Jumatano. Alikuwa ameinjika maziwa jikoni, akatoka kumfunga Asmi nywele. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale kando ya moto, ungo mapajani, anachambua mawe kwenye dengu. Maziwa yakapanda, yakafurika, yakaungua. Harufu ilijaa nyumba, ikatoka uani, ikavuka ua. Jirani mmoja akapaza sauti kutoka shambani, "Jamani huko kwa Basnet, mnachoma nini?" Rewati akaingia mbio, akamkuta Hom Kumari ametulia tuli, moshi unampita usoni, anaendelea kuchambua.

"Mama! Maziwa!"

Hom Kumari akageuka. Akaona sufuria, akaona moshi. Kitu fulani kikampita machoni, na Rewati akakiona. Ilikuwa hofu.

"Nilidhani umeshayaepua," akasema mama mkwe, akarudisha macho kwenye ungo.

Basi Rewati akaelewa yote kwa mpigo mmoja, akaketi kizingitini na kitana mkononi. Ile homa ya majira ya baridi, iliyomlaza mama mkwe siku tisa, iliondoka na pua yake. Na Hom Kumari alikuwa anapika kwa pua.

Maana katika nyumba zile chakula hakionjwi jikoni. Kitu kilichoguswa na ulimi ni jutho, ni makombo, na kumpa mwenzio makombo yako ni kumtukana. Hom Kumari alifundishwa na mama mkwe wake kuinamia sufuria, kuvuta mvuke na kusikiliza. Chumvi ikitosha, mvuke unasema. Tangu aolewe akiwa na miaka kumi na sita hakuwahi kuonja chakula kabla ya kukipakua. Ukutani jikoni shuleni palikuwa na karatasi ya serikali inayosema mzazi mmoja na mwalimu mmoja waonje kabla ya watoto. Siku ilipobandikwa, Hom Kumari alicheka mpaka akashika mbavu. "Kabla? Niwalishe watoto wa watu makombo ya mwalimu?" Wazazi wakaona ana haki, tena sana. Wakaamua wajumbe wa kamati ya shule wataonja baada ya watoto kula. Baadaye wajumbe wakaona hawana njaa saa ile, wakawa wanakwenda zao. Kwa hiyo ikapita karibu mwezi mzima wa chumvi bila ulimi wa mtu mzima hata mmoja kuigusa. Na mmoja wa wajumbe hao, ili tusimfichie aibu, alikuwa Rewati mwenyewe.

*

Alimwendea mwalimu mkuu, Lokendra, akamkuta anaona haya kabla hajaulizwa.

"Najua, dada," akasema, akifunga na kufungua kalamu. "Watoto wanakiita Bahari. 'Leo Bahari ya viazi, leo Bahari ya dengu.' Wamesoma kwenye kitabu kuwa maji ya bahari ni ya chumvi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ni shangazi yangu! Nimwambie nini? Mtu aliyenibeba mgongoni?" Akashusha sauti. "Ijumaa kamati inakaa. Chudamani anataka jiko lifungwe, kila mtoto apewe pakiti ya tambi au biskuti. Hakuna kuni, hakuna kuosha vyombo, hakuna malalamiko. Na wazazi wamechoka kuona chakula kinarudi, watamkubalia. Wewe ni mjumbe. Ukisimama ukasema tatizo ni mpishi, abadilishwe, jiko linabaki. Ukinyamaza, pakiti zinaingia."

"Kwa hiyo nimtukane mama mkwe wangu mbele ya kijiji."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, mwalimu, ila umefunga na kufungua kalamu."

Mchana ule akampigia mumewe, Tilak, aliyekuwa Malaysia kwenye kiwanda cha glavu. Alimpata wakati wa mapumziko, watu wanapiga kelele nyuma yake.

"Usimguse mama," Tilak akasema. "Tangu baba afe, lile jiko ndilo linalomwamsha asubuhi."

"Na Asmi? Mkono wake umefika manjano, baba Asmi."

"Mnunulie mayai."

"Mayai nanunua. Lakini anashinda shuleni tangu asubuhi mpaka alasiri, na tumbo lake lote hilo ni tambi za kuombaomba kwa wenzake. Hao wenzake nao ni hivyohivyo."

"Basi mwambie mama kwa upole."

"Upole wa kumwambia mtu pua yake imekufa ni upi? Nifundishe, nikuige."

"Mtandao unakata," akasema Tilak. Mtandao ulikuwa haukati hata kidogo, Rewati alikuwa anasikia mpaka watu wanavyotafuna kule.

Alijaribu mwenyewe Alhamisi, wakati wanaosha vyombo. Akaanza, "Mama, tangu ile homa..." Hom Kumari akadondosha sahani ya bati kwenye beseni kwa makusudi, maji yakawarukia wote wawili. "Nimeshapona," akasema. "Homa ilikwisha." Rewati akafuta uso, akaendelea kusuuza, akajichukia.

*

Ijumaa wazazi waliketi kwenye baraza la shule, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na watoto wakajaa madirishani ingawa walifukuzwa mara tatu. Jiko lilikuwa hatua kumi kutoka pale, mlango wazi, na Hom Kumari alikuwa ndani anachochea mseto kana kwamba mkutano ule haumhusu. Kila neno lilimfikia.

Chudamani alizungumza vizuri, tusimdhulumu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayekopesha bila kununa.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Ninachouliza ni hiki: rupia kumi na tano za mtoto zinakwenda wapi? Zinakwenda tumboni kwa nyati." Watu wakacheka. "Pakiti moja, mtoto mmoja. Imefungwa, safi, na anaila yote. Nani hapa amewahi kuona mtoto anarudisha tambi?"

"Na zinatoka duka gani?" akauliza mwanamke mmoja kwa nyuma.

"Mama, duka liko moja. Nikuombe radhi kwa hilo?"

Wakacheka tena, na Rewati akaona kicheko kile kinapiga kura kabla ya kura. Akasimama. Akashika nguzo.

"Ndugu zangu, mtoto wangu amepimwa mkono, ni manjano. Nimemuuliza mama wa afya, na wengine wenu watoto wenu wako hivyohivyo, ila mnanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Tambi zinajaza tumbo, hazijengi mwili. Wakati watoto walipokuwa wanakula dengu na majani hapa, mikono yao ilikuwa kijani. Mnajua ni kweli."

"Ilikuwa," Chudamani akasema taratibu. "Na sasa kwa nini hawali? Wewe ni mjumbe wa kuonja, mama Asmi. Umewahi kuonja?"

"Nimeonja."

"Lini? Mbona hatujakuona jikoni?"

Angeweza kudanganya. Rewati alisema baadaye kuwa uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva kabisa.

"Nyuma ya zizi," akasema. "Kwenye ndoo ya nyati."

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alikohoa hadi akapigwa mgongoni. Wanawake wa upande wake mwenyewe walificha midomo kwa shali, mabega yanawatikisika. Rewati alisimama palepale, uso umemwiva kwa aibu, akangoja wamalize.

"Haya, umeonja na nyati," Chudamani akasema akijifuta macho. "Kikoje?"

Mlangoni mwa jiko Hom Kumari alikuwa amesimama, upawa mkononi, anamtazama mkaza mwana wake. Rewati hakuweza kumjibu Chudamani. Aligeuka akamjibu yeye.

"Kina chumvi nyingi, mama. Nisamehe. Hakiliki."

"Ndiyo maana tunakiita Bahari!" mtoto mmoja akapiga kelele dirishani, akavutwa shati na wenzake.

"Bahari?" Hom Kumari akauliza.

Mwalimu mkuu alikuwa anachunguza kalamu yake. Hom Kumari akageuka, akaingia jikoni, na watu wakadhani amekwenda kulia, au kuvua aproni aende zake nyumbani. Akatoka na upawa umejaa mseto unaofuka moshi. Akasimama katikati ya baraza, akamimina kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kulia, akapuliza, na mbele ya kijiji kizima, kabla mtoto hata mmoja hajala, akatia mdomoni.

Mwanamke mmoja akaita jina la Mungu. Hom Kumari alitafuna polepole. Kisha uso ukamkunjamana, macho yakamjaa maji, akameza kwa shida. Hakutema. Mimi naamini alimeza makusudi.

"Jamani," akasema. "Jamani, na mlikuwa mnakula?"

"Hatukuwa tunakula, bibi," sauti ikasema dirishani.

Akaketi kwenye ngazi. Akaeleza bila kumtazama mtu. Kwamba tangu homa ile hasikii harufu ya kitu chochote. Kwamba alikuwa anatia chumvi, anainamia mvuke, mvuke hausemi neno, anatia tena, hausemi, anaongeza tena kidogo. Kwamba alidhani pua itarudi kabla mtu hajagundua, na kila watoto walipoacha chakula alijiambia ni tambi za Chudamani, maana kujiambia hivyo ilikuwa rahisi zaidi.

"Pua imekwenda," alisema, "lakini ulimi kumbe upo. Sikuwahi kuutuma kazi."

Mzee aliyekuwa anakohoa akajiweka sawa. "Lakini dada, umeonja kabla ya watoto, na upawa huohuo utarudi sufuriani. Chakula chote hicho sasa ni jutho. Watoto watakulaje?"

Hapo ndipo Hom Kumari aliposimama.

"Kaka, mimi nimekula kwenye sahani ya mume wangu, alichobakiza yeye, miaka thelathini na mmoja. Mkeo je, anakula wapi?" Upande wa wanawake ukalipuka. "Makombo ya mume ni baraka, ya bibi ndiyo uchafu? Nimewalisha watoto hawa chumvi tupu kwa usafi wangu. Sasa nitawalisha makombo, na watashiba. Wewe kama hutaki, usile." Akageukia wanawake. "Nani ana mchele nyumbani karibu? Nani ana viazi? Mseto huu nauokoa leo. Mama Asmi, lete maji. Mengi."

Mkutano ukavunjika bila kufungwa. Wanawake wawili walikimbilia nyumbani wakarudi na mchele kwenye shali. Mwingine akang'oa majani ya haradali kwenye bustani ya shule. Sehemu ya mseto wakaimwaga kwenye sufuria ya pili, wakaongeza mchele usio na chumvi, viazi na maji, wakakamua ndimu. Hom Kumari alionja na kusukutua, alionja na kusukutua, ananawa kila mara mpaka vidole vikasinyaa. "Bado," anasema. "Bado. Ongeza viazi." Watoto walikaa chini na sahani zao zaidi ya saa nzima, na kwa mara ya kwanza mwezi ule waliulizia chakula.

Kilipopakuliwa, hakikuwa chakula chake cha zamani. Kilikuwa kizito mno na viazi vilikuwa vimepondeka. Lakini kililiwa. Baraza lilinyamaza ule unyamavu wa watu themanini wanaotafuna. Asmi alikula akiwa ameinamia sahani, mikono yote miwili, majani yamemganda kidevuni. Akamaliza, akasimama, akaenda kwenye foleni ya kuongezwa. Rewati alimwona kwa mbali akiwasukuma watoto wakubwa kwa kiwiko ili asipitwe. Alilia waziwazi, hakujali nani anamwona. Walikuwa wameshamcheka, aibu gani tena imebaki?

Mwalimu mkuu alisimama, akakohoa, akauliza kama bado kuna haja ya kupiga kura. Wazazi kadhaa walikuwa tayari wameomba sahani. Chudamani alitazama huku na huku, akainua mabega.

"Mimi ni mfanyabiashara, si adui," akasema. "Na hiyo ndimu mmenunua wapi?"

"Kwako," akajibu mtu.

"Basi."

*

Jioni ilipokaribia, wote wameondoka, Rewati na mama mkwe walibaki nyuma ya jiko wanasugua masufuria kwa majivu. Rewati alikuwa anangoja agombezwe. Alikuwa amejiandaa, hata maneno ya kuomba radhi alishayapanga.

"Ulijua tangu lini?" Hom Kumari akauliza.

"Tangu maziwa yalipoungua."

"Ukaninyamazia siku mbili nzima."

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi, watoto wakala bahari." Akasugua, akasugua. Kisha mkono ukapunguza mwendo. "Unajua kinachoniuma? Si chumvi. Asmi akija kulala kwangu, namnusa kichwani, kama nilivyomnusa baba yake. Hakuna kitu. Ni kama nimeshika mtoto wa picha."

Rewati akasogea, akamshika mama mkwe mkono ule uliojaa majivu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka saba ya ndoa. Hom Kumari hakuuondoa.

"Jumapili uje mapema," akasema. "Kabla watoto hawajaketi. Uonje na wewe, ulimi wangu nao ni mzee, siuamini peke yake."

"Nitakuja, mama. Na nikiona kimezidi chumvi?"

"Unigombeze."

"Mimi? Nikugombeze wewe?"

"Kwa nguvu," Hom Kumari akasema, akarudi kwenye sufuria. "Sitaki mtu wa kunionea haya jikoni kwangu tena."